Nimepata Fedha chuo kikuu, mzee anauliza "ukimaliza utaitwa nani?" Waliosoma hii kozi naombeni majibu kabla ya Ijumaa

#1 BintiCheyo

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni binti wa Tabora mjini, Cheyo. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), na matokeo si haba. Nimepata vyuo viwili. Kimoja wamenipa Uhasibu, kingine B.Com ya Fedha. Natakiwa kuthibitisha kimoja tu na dirisha linafungwa Ijumaa. Namba ya kuthibitishia imeshaingia kwenye simu, kila saa naifungua naiangalia kisha naifunga.

Moyo wangu uko kwenye Fedha. Shida ni baba. Mzee ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na ukimletea jambo lazima uwe na hoja. Juzi tunakula akaniuliza: "Anayesoma udaktari anaitwa daktari. Anayesoma uhasibu anaitwa mhasibu. Wewe wa Fedha, ukimaliza utaitwa nani?" Nikajibu mtaalamu wa fedha. Alicheka mpaka akapaliwa na mlenda. Akasema mtaalamu wa fedha ni yule mwenye nazo.

Tangu hapo sina jibu. Mliosoma hii kitu, mnafanya nini huko mtaani? Na kwa sisi wa Tabora kuna kazi, au ndiyo hadi Dar? Natanguliza shukrani.

#2 Jini la Isevya

Utaitwa wakala wa M-Pesa mwenye digrii. Anayefuata!

#3 Mgaagaa na Upwa

Nimetandika mkeka hapa. Mdogo wangu naye kachaguliwa kozi hiyo hiyo.

#4 Afisa wa Vumbi

Binti, achana na Jini, huyo hata uzi wa msiba huwa anacheka.

Nilimaliza Fedha miaka tisa iliyopita. Nikakaa nyumbani Ipuli miezi kumi na minne natuma maombi, mama akawa ananiita "mheshimiwa" kwa kejeli kila nikiamka saa tatu. Baadaye nikapata uafisa mikopo kwenye benki moja na kupelekwa Urambo. Wakanipa pikipiki na fomu. Nimejifunza fedha nikiwa juu ya ile pikipiki kuliko nilivyojifunza darasani, ingawa bila darasa nisingejua ninachokiona.

Nianze na swali la mzee, maana ni zuri kuliko anavyodhani. Mhasibu anashughulika na hela iliyokwisha kupita: iliingia wapi, ikatokea wapi, imeandikwa sawasawa au la. Mtu wa fedha anashughulika na hela ambayo haijafika. Anauliza hiyo hela ya kesho ina thamani gani leo, na itakuwaje isipokuja.

Chukua tumbaku, maana ndiyo hewa tunayovuta huku. AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, inakopa mbolea kabla ya mvua. Mkulima anaatika, anapandikiza, anavuna, anakausha kwenye mabani, anafunga marobota. Soko linafunguka mvua zikishakatika. Katikati hapo ni miezi mingi ambayo benki imetoa hela na haina kitu mkononi zaidi ya karatasi. Sasa kaa kwenye kiti changu. Mvua ikikata mapema? Mteuzi akiipa tumbaku daraja la chini? Mnunuzi akichelewesha malipo? Hayo yote unatakiwa uyageuze kuwa jibu moja: tunakopesha au hatukopeshi, na kama tunakopesha, ni kiasi gani.

Halafu kuna dola. Bei ya tumbaku inatajwa kwa dola kwa kilo, lakini ada ya mtoto Urambo hailipwi kwa dola. Tufanye mkulima ana kilo 1,000 na bei ni dola 2. Hizo ni dola 2,000. Dola ikiwa shilingi 2,500 ana milioni 5. Ikishuka ikawa 2,350 ana milioni 4 na laki 7. Laki tatu zimeyeyuka na hakuna jani hata moja lililoungua. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipoimarika ghafla, mjini watu walishangilia. Mimi nilikuwa na daftari langu napiga upya hesabu za wakulima ambao walikuwa wametoka tu kupandikiza.

Mhasibu wa AMCOS ataiandika hiyo hasara vizuri sana ikishatokea. Kazi ya mtu wa fedha ni kuiona ikiwa bado inakuja.

Ubaya nao upo, nisikudanganye. Tageti haina huruma. Mwisho wa mwezi marejesho yakichelewa unageuka mkusanya madeni, watu uliokunywa nao chai wanapitia mlango wa nyuma. Kuna mzee mmoja alikuwa akisikia pikipiki yangu anapanda mwembe. Nilikuwa naiona kanzu, nampa salamu, naondoka.

#5 CPA wa Kitete

Maneno matamu, lakini binti asidanganyike. Tanzania hii cheti kinachofungua milango ni CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ipo kisheria tangu 1972, mitihani mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na ukifaulu una jina: CPA. Mzee wako ataelewa. Soma matangazo ya kazi ya halmashauri na mashirika uone mangapi yanataka mhasibu na mangapi yanataka "mtu wa hela ambayo haijafika".

Chagua Uhasibu, piga CPA, maisha yaendelee.

#6 Afisa wa Vumbi

Mkuu CPA, kwenye matangazo nakubaliana nawe. Kazi nyingi za serikali zinataja uhasibu kwanza, na mwenye Fedha lazima asome tangazo mstari kwa mstari kabla ya kupoteza muda. Ila aliyesoma Fedha hajafungiwa CPA. Ataongezewa masomo ya kufanya kuliko aliyetoka Uhasibu, basi. Namjua mmoja kaifanya akiwa anatoa mikopo Kaliua, anasoma usiku kwa taa ya sola.

Na kule kwenu hospitali ya Kitete mnamhitaji nani wa kuamua kama hospitali inunue jenereta au ikodi? Mhasibu ataniambia bei. Nani ataniambia ni ipi nafuu kwa miaka kumi?

#7 CPA wa Kitete

Mimi. 😂 Nilisoma somo hilo kwenye CPA.

#8 Afisa wa Vumbi

Haya, hapo umenikamata. Mipaka si ukuta wa matofali.

#9 Kijana wa Samora

Mimi ni mtoto wa Nzega, niko Dar kwa dalali wa soko la hisa. Niongezee upande ambao wengi wanauota wakiwa mwaka wa kwanza, ule wa suti.

Soko letu ni changa. Soko la Hisa Dar es Salaam lilianza biashara 1998, TOL ikiwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa. Mpaka sasa kampuni zilizoorodheshwa hazijafika 30. Maana yake madalali ni wachache, wachambuzi ni wachache zaidi, na nafasi moja ikitangazwa tunaipigania kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Na huwezi kuamka tu ukamshauri mtu anunue hisa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inatoa leseni, na kabla yake kuna mafunzo na mtihani.

Siku hizi kazi kubwa kwetu ni hatifungani za serikali. Zipo za miaka 2 hadi 25. Serikali inakopa kwako, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, mwisho inarudisha mtaji. Sasa sikiliza jambo linalowachanganya hadi watu wazima: riba mpya zikipanda, bei ya hatifungani ya zamani inashuka. Kwa nini? Kwa sababu nani atanunua yako inayolipa asilimia 12 kwa bei kamili wakati mpya inalipa 15? Lazima umpunguzie. Ukilielewa hilo moja vizuri, umeshika nusu ya somo la mwaka wa pili. Wapo wastaafu wanaokuja ofisini kutaka kuuza zao kabla ya muda, wanashangaa kwa nini milioni kumi imekuwa tisa na kitu. Namwelezea mmoja mmoja, na kikombe cha chai mkononi.

Mshahara wa kuanzia si wa suti. Suti nimekopa.

#10 Jini la Isevya

Mtu wa fedha kakopa suti. Ushahidi umepatikana, uzi ufungwe.

#11 Mama wa Soko Kuu

Nimesoma yote kwa miwani. Mimi sina digrii, nina meza ya dagaa na mafuta ya mawese kutoka Kigoma, mwaka wa kumi na tisa huu. Nina neno na nyie wasomi wa fedha. Ninyi ndio mliotuletea mikopo ya kausha damu. Kijana amevaa shati limenyooka anakuja mezani, "mama, riba asilimia 3 tu kwa mwezi". Nikachukua milioni moja miezi kumi na miwili. Kila mwezi nalipa 113,333. Nililipa yote sikuchelewa hata siku. Lakini kila nikikaa nahisi kuna mahali niliibiwa na sipaoni. Asilimia 3 ni ndogo, mbona mtaji uliisha?

#12 Afisa wa Vumbi

Shikamoo mama. Hisia yako ni sahihi, na hesabu za kuithibitisha ndizo hasa tunazosoma. Binti, kaa karibu, hili ni darasa lako la kwanza.

Hiyo inaitwa riba bapa. Wamechukua asilimia 3 ya milioni, ni 30,000, wakazidisha kwa miezi 12, ikawa 360,000. Wakaijumlisha kwenye milioni, wakagawa kwa 12. Ndiyo hiyo 113,333.

Mwezi wa kwanza hakuna tatizo. Unadaiwa milioni nzima, riba 30,000, kweli ni asilimia 3. Ila kila mwezi unarudisha na kipande cha mtaji wao. Mwezi wa kumi na mbili unadaiwa 83,333 tu, lakini riba bado ni 30,000 ile ile! Hiyo ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja, mama. Unalipia hela ambayo ulisharudisha na wao wakaikopesha kwa jirani yako wa mchele.

Ukitafuta riba halisi, ile inayohesabiwa kwenye deni linalobaki kila mwezi, mkopo wako ulikuwa wa zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi. Siyo 3.

#13 Mama wa Soko Kuu

Asilimia 5. Yesu na Maria. Na yule kijana nilimpa dagaa za kwenda nazo kwao.

#14 CPA wa Kitete

Kwa faida ya wasomaji: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji hao wamepangwa kwenye madaraja manne. Wanaopokea amana ni la kwanza, wasiopokea amana ni la pili, SACCOS la tatu, vikundi vya akina mama wa VICOBA la nne. Wa daraja la pili lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Kabla hujasaini, dai kuiona. Na uliza: "riba ni ya bapa au ya salio linalopungua?" Akianza kujikuna kichwa, nyanyuka.

#15 Mgaagaa na Upwa

Nimeuliza tu, hapo darasani hisabati ni nzito? Mdogo wangu hisabati alipata D ya huruma.

#16 Kijana wa Samora

Mwaka wa kwanza mtakutana na hisabati ya biashara, takwimu, uchumi na uhasibu wa mwanzo. Watu wa Fedha wanaodhani wameukimbia uhasibu wanalia hapo. Si hisabati ya kurusha roketi, lakini takwimu ina sapu (mitihani ya marudio) nyingi kuliko somo lolote nililoliona. D ya huruma inatosha kama ataacha kulala wiki mbili kabla ya mtihani. Na ajue Excel mapema, asisubiri fildi, yale mafunzo ya kazini. Mimi nilifika fildi sijui hata kujumlisha safu, msimamizi akanituma maandazi wiki nzima.

#17 Nyuki wa Sikonge

Niwaongezee njia ambazo hazijatajwa. Darasa letu tulikuwa mia na ushee, na ukiwatafuta leo hawako benki wote. Mmoja yuko bima. Mmoja yuko mfuko wa pensheni, ule wa watumishi wa umma uliounganishwa 2018, anashughulika na uwekezaji. Wawili kampuni za simu upande wa pesa mtandao. Mmoja alikuwa Sojo kule Nzega kwenye kazi za bomba la mafuta, kazi yake ilikuwa kila wiki kulinganisha kilichopangwa kutumika na kilichotumika, na kupiga kelele mapema. Mmoja ni mchungaji, msiniulize.

Mimi nanunua asali. Nafanya hesabu zangu mwenyewe, wanunuzi wa Dar wakija na bei ya "tutalipa baada ya siku 90" najua nipandishe kiasi gani. Ofisi yangu ni stoo moja na mzani.

Ila nina kisa kimoja. Mwaka mmoja niliona nisitegemee asali peke yake, nikaweka hela kwenye tumbaku na mahindi. Nikajiona nimetawanya mayai kwenye vikapu viwili kama Markowitz alivyofundisha, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1952 jinsi ya kuchanganya uwekezaji. Mvua ikakata Februari. Tumbaku chali, mahindi chali. Nikarudi kusoma daftari langu la chuo, nikaona nilisoma nusu ukurasa. Hakusema uwe na vikapu vingi. Alisema uangalie kama vikapu vinaanguka pamoja. Tumbaku na mahindi vinategemea mawingu yale yale. Hicho ni kikapu kimoja chenye mishikio miwili.

#18 Afisa wa Vumbi

Hiyo ya mishikio miwili naiba. Nilikopesha watu watatu mwaka huo kwa kosa hilo hilo, fomu yangu ilikuwa na kisanduku "ana zao zaidi ya moja?" nikaweka alama ya ndiyo kwa kujiamini kabisa.

#19 BintiCheyo

Wakuu, siwezi kuwajibu mmoja mmoja, ahsanteni mno. Mama wa Soko Kuu shikamoo.

Nina swali dogo la pembeni: mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo nikipata, kuna tofauti kati ya kozi hizi mbili kwenye kurejesha?

#20 CPA wa Kitete

Hakuna. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, uwe mhasibu au uwe "hela ambayo haijafika". Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, usilichezee. Kuna watu walinunulia simu, sasa simu imekufa na deni linaishi.

#21 BintiCheyo

Narudi na mrejesho, mniwie radhi ni mrefu.

Jana usiku nilichukua daftari nikaandika ile hesabu ya Mama wa Soko Kuu niirudie mwenyewe. Baba akapita, akaona "riba bapa". Akauliza nani amekufundisha hayo. Nikamwambia watu wa mtandaoni. Akaingia chumbani, nikajua ameudhika. Akatoka na bahasha.

Kumbe mzee ana mkopo! Hatukujua, hata mama hakujua. Alichukua milioni mbili kwa taasisi fulani ili amalizie paa la nyumba, miezi kumi, asilimia 4 bapa. Rejesho ni 280,000 kwa mwezi. Akasema, "Nihesabie huu."

Nikakaa chini. Mwezi wa mwisho anadaiwa mtaji 200,000 na riba 80,000. Hapo tayari akaguna. Kutafuta riba halisi nilijaribu kwa kubahatisha: nikaanza na 6, ikawa ndogo, nikajaribu 7, ikawa kubwa, nikaendelea kubana katikati. Nikasema ni kama 6 na nusu. Mzee akanyang'anya kalamu, akairudia yote kwa mkono, kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda, bila kikokotoo, nusu saa nzima. Akapata 6.6 na akanisahihisha kwa furaha ambayo sijaiona tangu astaafu.

Kisha akauliza, "Hii iko kwenye Uhasibu au kwenye Fedha?" Nikasema zote wanaigusa, lakini Fedha ndiyo wanakaa nayo miaka mitatu.

Hakusema kitu. Asubuhi nimekuta simu yangu juu ya meza, imechajiwa, na ujumbe wa kuthibitisha uko wazi kwenye kioo. Nimethibitisha Fedha.

Sasa ameniagiza niulize: amebakiza miezi sita. Akilipa deni lote leo, watampunguzia riba ya miezi iliyobaki?

#22 Jini la Isevya

Kwa hiyo hatimaye amesema utaitwa nani?

#23 BintiCheyo

Bado. Kwa sasa naitwa "njoo unisomee hapa".

#24 Afisa wa Vumbi

Hongera sana mdogo wangu. Msalimie mzee.

Kuhusu swali lake: jibu liko kwenye mkataba, atafute sehemu inayozungumzia kulipa kabla ya muda. Kuna wanaofuta riba iliyobaki, kuna wanaofuta nusu, kuna wanaodai yote kana kwamba miezi imeshapita. Wengine wana na faini juu yake. Kama ni hao wanaodai riba yote, kulipa mapema hakumsaidii chochote. Hela ile aiweke mahali, alipe kidogo kidogo kama alivyokubali. Kama wanafuta, alipe leo kabla ya chakula cha mchana. Na asikubali jibu la mdomo, aombe barua ya salio la kufungia mkopo yenye tarehe na muhuri.

#25 Mama wa Soko Kuu

Binti, chuo kinafunguliwa lini? Kabla hujaondoka njoo sokoni Jumamosi na hilo daftari, uliza meza ya dagaa upande wa mashine za kusaga. Tuko saba tuna mikataba, na kila mmoja ana asilimia yake. Baba yako naye aje na kalamu.